Jasho la kontena: maji tuliyoyafungia wenyewe

Mteja akinipigia simu kwamba mzigo wake umefika Ulaya ukiwa na ukungu, jambo la kwanza analouliza ni kama kontena lilivuja. Mara nyingi halikuvuja. Maji yaliyoharibu maboksi yake yalipanda kontenani hapa hapa Dar es Salaam, siku ya kupakia, na sisi wenyewe tukafunga mlango.

Nasafirisha vyakula vilivyofungashwa kwa njia ya bahari: korosho, viungo, chai, maembe makavu. Watu huja kwangu wakiwa na hofu ya makaratasi, na ni kweli makaratasi yanachosha. Lakini cheti kikikosewa, mara nyingi kuna namna ya kukisahihisha. Boksi lililolowa katikati ya Atlantiki halina dawa.

Funika sufuria ya wali wa moto, kisha uinue mfuniko baada ya dakika chache. Matone yale unayoyaona chini ya mfuniko ndiyo jasho la kontena. Paa la kontena ni bati la chuma lisilo na kinga ya joto. Tunapakia mwezi wa kumi na mbili, Dar ina joto la nyuzi 30 na zaidi, hewa imejaa unyevu wa bahari. Wiki kadhaa baadaye meli iko kwenye maji ya baridi ya kaskazini. Paa linapoa kwanza, unyevu wa ndani unagandia pale kama matone, na matone yanadondokea safu ya juu ya maboksi. Tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzigo unaopita huko hupitia baridi ya kusini, hurudi kwenye joto la Ikweta, kisha huingia tena kwenye baridi. Unatoka jasho mara mbili.

Sasa fanya hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Hewa yote hiyo, hata ikiwa na nyuzi 30 na imeshiba unyevu kabisa, haibebi zaidi ya lita moja ya maji. Lita moja haiangushi mzigo. Lakini paleti moja ya mbao, lile jukwaa la kupangia maboksi, yenye kilo 20, ikiwa mbichi kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake kuwa maji, ina kilo nne za maji. Futi 20 inachukua paleti kumi za kawaida. Umeingiza lita 40. Hazitatoka zote njiani, lakini hata robo yake ni ndoo nzima.

Mzigo ulionifundisha haya ulikuwa wa korosho za kukaanga, pakiti za gramu 150, zimepangwa vizuri kwenye maboksi yenye chapa nzuri ya kampuni changa. Paleti zililetwa mpya, zina muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi HT. Niliuangalia muhuri, nikaridhika. Sikugusa mbao. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha na paleti zilikuwa nje.

Muhuri ule unasema kitu kimoja tu: moyo wa ubao ulifikishwa nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo ili wadudu wafe. Hausemi kwamba ubao ni mkavu. Ubao unaweza kupikwa hivyo na ukatoka bado una maji yake.

Picha nilizotumiwa na mnunuzi ninazo hadi leo. Maboksi ya juu yamebonyea katikati, pembe zimelegea, madoa meusi yametapakaa kwenye karatasi, lebo zimejikunja. Pakiti za ndani zilikuwa salama. Walizipima, walizionja, korosho bado zilikuwa zinavunjika kwa mlio. Lakini duka halipokei boksi lenye ukungu, na hilo sina la kubishana nalo. Kufungasha upya kule kulikula faida yote ya kijana mwenye kampuni ile na kuvuka. Bima nayo ikakataa: ikasema maji yalitokana na ufungashaji wenyewe, na upungufu wa ufungashaji haumo kwenye mkataba wao. Nikausoma mkataba upya kwa makini. Walikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo natembea na kipima unyevu, kile chenye sindano mbili unachokidunga kwenye ubao. Ikisoma zaidi ya asilimia 18, paleti inarudi, hata kama lori linanguruma nje na dereva ananuna. Kontena nalo naingia ndani, nawaambia vijana wafunge mlango, nasimama gizani dakika mbili. Tobo dogo kama la pini linaonekana kama nyota. Gizani humo pua nayo inafanya kazi: kontena lililobeba ngozi au dawa za kemikali halifichi harufu, na chai inanyonya harufu kuliko sifongo.

Boksi la karatasi likikaa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi. Kwa hiyo nguvu ya boksi lililopimwa kavu kiwandani isikudanganye. Agiza lenye ziada. Na nguvu hiyo iko kwenye pembe. Maboksi yakipandana pembe juu ya pembe yanahimili. Ukiyapanga kwa kupishana kama matofali yanapendeza macho, lakini umeitupa sehemu kubwa ya nguvu uliyoilipia.

Wenye karanga na siagi ya karanga niwakumbushe sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu (aflatoksini). Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo. Umoja wa Ulaya, kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, ni 4. Karanga zilizofaulu hapa zinaweza kukataliwa kule, basi pima kwa kiwango cha unakopeleka, na upime kabla ya kufungasha.

Mwisho wa kupakia ndipo tunapotundika mifuko ya kunyonya unyevu, ile ya kalsiamu kloridi, kwenye mikunjo ya kuta. Hainyonyi unyevu wa kontena peke yake, inanyonya wa popote. Niliwahi kukuta vijana wameifungua asubuhi ili wawahi, mlango ukafungwa saa kumi na moja jioni. Mifuko ilikuwa tayari imevimba na hewa ya Kurasini. Siku hizi inakaa ndani ya plastiki yake, kwenye gari langu, hadi boksi la mwisho liingie. Naifungua mwenyewe, naitundika, mlango unafungwa, sili inapigwa, napiga picha ya namba yake na saa.