Jiko lilivyotukinga: maswali na majibu

Binadamu alianza kupika lini?
Zamani mno. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, yalikutwa majivu na mifupa iliyoungua ya miaka milioni 1 hivi iliyopita. Huo ni ushahidi wa moto tu. Lakini huko Gesher Benot Ya'aqov, Israeli, meno ya samaki ya miaka 780,000 hivi iliyopita yanaonyesha samaki wale walipata moto wa kiasi, usiounguza. Hapo palipikwa.

Mwili ulipata faida gani?
Wanga wa kiazi kibichi ni mgumu kumeng'enywa. Ukikichemsha, chembe zake hunywa maji, huvimba na kupasuka, na tumbo hupata kazi nyepesi. Joto pia huua minyoo na vijidudu vya kwenye nyama.

Je, mapishi huondoa sumu?
Ndiyo, na hapa naomba tuwe makini. Maharage mekundu yana sumu iitwayo lektini. Punje chache tu zisizoiva zaweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, weka mengine, kisha yatokote kwelikweli dakika 10 kabla hujapunguza moto. Kuyapika tangu mwanzo kwa moto mdogo usiochemsha maji ni hatari.

Kupuuza mbinu ya mapishi kumewahi kuleta ugonjwa?
Kumeua watu wengi. Wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati walichemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu. Chokaa hufungua niasini, yaani vitamini B3, iliyofungika ndani ya punje. Wazungu walichukua mbegu, mbinu wakaiacha. Mwaka 1735, Hispania, daktari Gaspar Casal aliona maskini waliotegemea mahindi wakibabuka ngozi shingoni na mikononi. Ugonjwa huo, pelagra, huharisha na kuvuruga akili. Kusini mwa Marekani ulidhaniwa ni wa kuambukiza, hadi Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonyesha kwamba chanzo ni mlo. Inauma, maana dawa ilikuwa chunguni kwa wenye mahindi yao.

Moto wenyewe una madhara?
Moshi wake, ndiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa ya mekoni, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kama huna nishati safi, tumia kuni kavu, fungua madirisha, na usimbebe mtoto mgongoni unapochochea.