Viwango kuyumba kwenye anime: maana yake nini?

Kaa jioni moja na wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, hosteli za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au kwenye kijiwe karibu na Nyerere Square, kisha uitaje Dragon Ball Super, mfululizo wa katuni za mapigano. Haipiti dakika mtu anasema: "Viwango vimeyumba." Wanaosema hivyo ni wengi, ila hawamaanishi kitu kimoja, ndiyo maana ubishi hauishi.

Kiwango cha nguvu ni kipimo cha uwezo wa mpiganaji. Kwenye Dragon Ball kilikuja na kifaa cha kuvaa jichoni kinachomsoma mtu na kutoa namba. Mkulima mwenye bunduki alisomeka 5. Goku, shujaa wa hadithi, alipovua nguo zake nzito za mazoezi alisomeka 416, na alipokusanya nguvu za Kamehameha, pigo lake maarufu, kifaa kikapanda hadi 924. Baadaye adui yake Frieza akajitangaza ana 530,000. Yaani tangu mwanzo namba ilipanda na kushuka kwa mtu yuleyule, na wapiganaji wa Duniani waliweza kuificha. Baada ya vita vya sayari ya Namek hadithi karibu iliachana nazo kabisa.

Kwa hiyo kuyumba si namba kutolingana, wala si mnyonge kumwangusha mwenye nguvu. Viwango vinayumba pale nguvu ya mhusika inapobadilika bila hadithi kutoa sababu, au ikitoa sababu inayopingana na ilichosema awali. Mkulima wa zabibu wa Hombolo analielewa hili. Ukivuna mara mbili ya msimu uliopita, jirani atakuuliza ulipogolea lini, samadi uliweka kiasi gani, maji ulipata wapi. Ukikosa jibu, ndipo anaanza kuitilia shaka mizani.

Mzee Roshi, mwalimu wa zamani wa Goku, kwenye Mashindano ya Nguvu ya Super, yale ya wapiganaji 80 na dakika 48, hayumbishi chochote. Sheria ilikuwa anayedondoka jukwaani ametoka, na mbinu za mzee aliyepigana miaka mingi zinaweza kumdondosha aliyemzidi misuli.

Kwa Frieza mambo ni magumu zaidi. Kwenye Dragon Ball Z, mfululizo uliotangulia Super, alikatwakatwa na upanga wa kijana Trunks, kisha Goku na wenzake wakapita kwa maadui wakubwa zaidi, Cell na Buu, wakafika hadi nguvu za miungu. Frieza anafufuliwa, anafanya mazoezi miezi minne tu, anarudi na umbo la dhahabu la kumkabili Goku huyo. Sababu imetolewa: alizaliwa na kipaji kikubwa mno, hakuwahi kufanya mazoezi maishani. Naikubali kuwa ni sababu, lakini ni nyembamba kwa mzigo iliobebeshwa.

Ninapokataa kabisa ni kwa namba 17 (Android 17), binadamu aliyegeuzwa kuwa nusu mashine. Tangu siku za Cell hatukuonyeshwa mazoezi yake. Tunamkuta kisiwani analinda wanyama dhidi ya majangili, kazi ya heshima ambayo sisi Watanzania tunaijua uzito wake, na papo hapo anapigana na Goku hadi Goku anageuka Super Saiyan Blue, umbo lake la nguvu za miungu. Jangili si mtu wa kumfikisha mpiganaji huko. Nampenda sana 17, na nilishangilia aliposimama wa mwisho jukwaani. Bado naona hapo ndipo viwango vilipoyumba kweli.