Hippocrates hakusema "chakula kiwe dawa yako"

"Chakula kiwe dawa yako, na dawa iwe chakula chako." Sentensi hii husambazwa na picha ya matunda, chini yake jina la Hippocrates, tabibu Mgiriki wa kisiwa cha Kos aliyezaliwa mnamo 460 KK. Haimo katika maandiko yapatayo 60 yanayobeba jina lake, ambayo mengi yaliandikwa na watu wengine. Inaniuma ikitumiwa kumshawishi mgonjwa wa kisukari aache vidonge.

Ni kweli matabibu walioandika maandiko hayo walikithamini sana chakula. Mwenye homa kali alipewa uji wa shayiri, mwororo, uliochemshwa ukaiva sawasawa. Hali ikiwa mbaya alipewa maji ya uji huo tu, yaliyochujwa, au kinywaji cha asali na siki. Huo ulikuwa ulishaji wa mgonjwa, na waliupangia saa na kiasi.

Dawa ilikuwa jambo jingine. Waliiita *pharmakon*, neno lililomaanisha dawa na pia sumu. Mzizi wa mmea uitwao helebori, kwa mfano, waliutumia kutapisha na kuharisha, na ukizidi kipimo uliua.