Tone la Kwanza Lifutwe: Damu ya Kipimo cha VVU Kuanzia Kidoleni Hadi Maabara ya Butabika

Jibu la VVU likitiliwa shaka, mtu wa maabara haanzi kwa kulaumu kipimo. Huuliza kwanza damu ilitolewaje. Je, spiriti ilikauka? Damu ilikuwa kiasi gani? Mstari wa jibu kwenye kipimo ulisomwa baada ya dakika ngapi? Maswali haya anayepimwa naye afaa kuyajua, maana mengi anaweza kuyashuhudia kwa macho yake akiwa pale kitini.

Mteja anawe mikono, kisha auachie mkono ushuke chini ili damu iteremke. Kidole kinachofaa ni cha kati au cha pete, tena ubavuni mwa ncha, kwani katikati ya ncha maumivu huwa makali zaidi. Mhudumu aliyevaa glavu hupangusa kwa spiriti ya asilimia 70, halafu husubiri ikauke yenyewe, kama nusu dakika. Asipulize kwa mdomo. Spiriti mbichi hupasua seli nyekundu na kulifanya tone litambae badala ya kukaa duara. Lanseti, yaani kisindano cha kutobolea kidole, hufunguliwa mbele ya mteja, hutumika mara moja, na huenda moja kwa moja kwenye sanduku la vyenye ncha kali, ambalo hufungwa likijaa robo tatu.

Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu, kwa sababu lina majimaji ya nyama na mabaki ya spiriti. La pili ndilo la kupimia. Damu ikigoma, usikamue kidole: utatoa majimaji yaleyale, nayo huzimua kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, ambazo ndizo kipimo kinazitafuta. Afadhali uchome kidole kingine kwa lanseti mpya.

Hapa Uganda, kwa miaka mingi kipimo cha kwanza kimekuwa Determine, kikifuatwa na Stat-Pak pale cha kwanza kinapoonyesha maambukizi, na SD Bioline pale viwili hivyo vinapopingana. Kila kimoja kina kiasi chake. Determine hutaka mikrolita 50, zinazopimwa kwa mrija mwembamba wenye alama; damu ikishanyonywa, kama dakika moja, huongezwa tone 1 la bafa (maji maalumu yanayokuja na kipimo), na jibu husomwa kuanzia dakika ya 15 hadi ya 60. Stat-Pak hutaka mikrolita 5 tu, kwa kijiti chenye kitanzi, pamoja na matone 3 ya bafa yake. Aliyezoea Determine akiimwagia Stat-Pak damu nyingi, dirisha la kusomea jibu hubaki jekundu na mstari hausomeki. Akipunguza damu ya Determine, mstari waweza kufifia hadi usionekane, na mtu mwenye virusi akaambiwa hana. Kosa hili la pili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa kuwa halijitangazi. Mteja huenda zake akiwa na amani isiyo ya kweli. Mstari wa uhakiki, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, hakuna jibu. Rudia kwa kifaa kipya.

Kuhusu joto: Determine huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Kule Moroto wakati wa kiangazi, kabati lililo chini ya bati hupita hapo mchana, kwa hiyo kipimajoto kiwekwe ndani ya kabati lenyewe.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ni habari nyingine. Kabla ya miezi 18 bado anaweza kuwa na kingamwili za mama yake, hivyo vipimo vya haraka kama hivyo haviwezi kuthibitisha kwamba ameambukizwa. Karibu na wiki ya 6 huchomwa ubavuni mwa kisigino (katikati mfupa uko karibu), na damu yake hudondoshwa kwenye kadi yenye miduara 5, ili maabara itafute virusi vyenyewe. Acha tone likue, lijaze duara, kisha geuza kadi uone kama limepenya upande wa pili. Usiongeze tone juu ya lililokwisha kuanza kukauka. Miduara 3 iliyojaa ina faida kuliko 5 ya vidoadoa.

Kadi ikauke kwa muda wa saa 4 au zaidi, mbali na jua, vumbi na nzi, wala isipelekwe karibu na jiko la mkaa ili iharakishwe. Visiwani Kalangala msimu wa mvua, iache ilale usiku mzima. Kadi mbichi zisipangwe moja juu ya nyingine: damu ya mtoto mmoja ikigusa ya mwingine, mzima anaweza kusomeka ana virusi. Zikikauka hugeuka rangi ya kahawia iliyokolea. Kila moja hufungwa kwa karatasi yake, ikaingizwa mfukoni pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Kisha pikipiki ya sampuli huzipeleka kituo cha kukusanyia, na kutoka hapo zinakwenda maabara kuu ya Butabika, Kampala. Kabla haijaondoka, linganisha namba iliyo kwenye kadi na iliyo kwenye fomu, na uhakikishe namba ya simu ya mama imeandikwa. Kadi ikikataliwa, mama huyo hulazimika kurudi, na mtoto huchomwa tena huku wiki za dawa zikimpita.