Upande wa bahari: kuendesha baiskeli ya mlimani juu ya majabali ya pwani

Kila ninapofundisha kundi jipya kuendesha baiskeli za milimani kwenye njia za juu ya majabali, zile zinazoingia msituni na kutoka huku bahari iko chini, swali la kwanza huwa lile lile: nikae umbali gani kutoka ukingoni? Mita nitawatajia, lakini kwanza nataka waelewe nafasi hiyo ni ya nini. Wengi hudhani ni akiba ya kuangukia. Mimi nawaambia ni nafasi ya kugeuzia usukani, na bila nafasi hiyo huna usukani.

Baiskeli iliyo mwendoni haigeuki kwa kuzungusha tu usukani kuelekea unakotaka. Ili igeuke kulia lazima kwanza ilale kulia, na ili ilale kulia gurudumu la mbele hukimbilia kushoto kidogo, kitambo kifupi tu, mpaka uzito wako ubaki upande wa kulia wa matairi. Hapo ndipo usukani unafuata kulia. Tunalifanya jambo hili kila siku bila kulifikiria. Wilbur Wright, aliyekuwa akitengeneza na kuuza baiskeli pamoja na nduguye Orville kabla ya ndege yao kuruka mwaka 1903, aliwauliza waendeshaji wengi wanageukaje, wala hakumpata hata mmoja aliyelieleza sawasawa mara ya kwanza.

Sasa chukua jambo hilo ulipeleke juu ya jabali. Bahari iko kushoto kwako, tairi limebakiza shubiri moja kufika ukingoni, umeshtuka na unataka kurudi kulia. Ili uende kulia, tairi linahitaji kwanza kwenda kushoto. Kushoto hakuna ardhi. Ndiyo maana mtu aliyekaribia mno huonekana kana kwamba anavutwa: kila akijaribu kujinasua, gurudumu linazidi kusogea kule kule anakokukimbia. Walimu wengi husema ni macho, kwamba unakotazama ndiko unakokwenda. Ni kweli, nami nalifundisha hilo, ila nusu ya habari ni ya mashine yenyewe, na nusu hiyo haiponi kwa ujasiri. Ukitaka kuihisi bila hatari, tafuta uwanja tambarare wenye mstari uliochorwa, endesha tairi likiwa juu ya mstari, kisha jaribu kuhamia kulia bila tairi kuvuka kushoto hata kidogo. Utakwama.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ardhi ikiwa imara na upepo umetulia, nataka mita 2 kamili upande wa bahari. Zikipungua, nashuka na kutembea, na kila aliye nyuma yangu anashuka. Ninapoisukuma baiskeli, mimi nakaa upande wa bara na baiskeli inakaa upande wa bahari. Ikiteleza, naiachia.

Hatari nyingi zinazomtupa mtu baharini huanzia upande wa pili, ule wa bara, ambao wageni huuona kuwa salama. Njia iliyochongwa kwenye mteremko ina ukuta wa udongo au shina la mti upande wa juu. Pedeli ya upande huo ikiwa chini, itaugonga ukuta na kukurusha nje. Basi pita na pedeli ya upande wa bara ikiwa juu, au zote mbili zikiwa sawa, na usikanyage mpaka njia ipanuke. Usukani nao ni vivyo hivyo. Usukani wa siku hizi una upana wa kati ya milimita 740 na 800. Ncha ya upande wa bara ikinaswa na mti, inarudi nyuma, gurudumu linageukia bara, na wewe unalalia wapi? Baharini. Ni fizikia ile ile ya Wright, safari hii bila wewe kutaka. Kwenye msitu wenye mashina yaliyobanana mimi huchagua usukani mwembamba kidogo, japo wapenda mwendo hawakubaliani nami.

Na mguu. Ukisimama ghafla, mguu unaotua chini uwe ule wa upande wa bara, kila mara, hata pale njia inapoonekana pana. Mwili hufuata mazoea, na mguu uliozoea kushuka kushoto utashuka kushoto hata pale kushoto pakiwa hewa tupu. Fanyeni zoezi la kusimama kwa miguu yote miwili kabla ya kufika pwani. Kwa sababu hiyo hiyo napendelea pedeli bapa zenye meno kuliko zile za kunasa kiatu.

Kati ya miti upepo husahaulika. Unaendesha kwa utulivu, majani yanavuma juu, ghafla msitu unakatika na uko wazi. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: upepo wa kilomita 40 kwa saa hausukumi mara 2 ya ule wa kilomita 20, unasukuma mara 4. Unaotoka baharini hupanda uso wa jabali, huongezeka kasi unapopita ukingoni, kisha huvurugika nyuma yake, kiasi kwamba unaweza kusimama ukingoni kabisa ukahisi shwari ilhali hatua chache nyuma miti inainama. Usiuamini utulivu huo. Ule unaotoka bara nauogopa zaidi, maana hukusukuma moja kwa moja kuelekea upande usio na nafasi, na huja kwa vishindo. Ukiulalia ili ukuhimili kisha ukakatika ghafla, unaanguka upande wa bara. Ukikupiga hujajiandaa, unaanguka upande mwingine. Dawa ni kupunguza mwendo kabla ya mti wa mwisho, kulegeza viwiko, kuteremsha siti na kusogea mita moja zaidi upande wa bara kabla hujatoka.

Kuingia msituni kuna shida yake nyingine: mwanga. Jicho lililotoka kwenye mng'ao wa bahari linahitaji muda kuzoea kivuli, na kulizoea giza kikamilifu huchukua hata nusu saa. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa unapita mita 5 kila sekunde, na katika mita hizo za kwanza huoni mizizi. Vua miwani ya giza mapema au vaa yenye vioo vyeupe.

Mizizi ya majabalini ina tabia yake. Mti hutuma mizizi kufuata mteremko, wakati njia inaukata mteremko kwa mshazari, hivyo mizizi mingi haikukabili sawasawa bali hulala kiupandeupande. Ikiwa imelowa na gome limechunika kwa kupitiwa, tairi huteleza kwa kuufuata mzizi kuelekea chini, na chini ndiko bahari iliko. Vunja mwendo kabla ya mzizi, kamwe si juu yake. Nyoosha gurudumu uukate karibu na pembemraba, toa uzito kwenye usukani kwa kuuinua mwili kidogo, achia breki zote mbili, pita. Upepo wa tairi nao una neno: tairi pana lisilo na mpira wa ndani, kwa mtu wa uzito wa kawaida, mimi hulijaza kati ya psi 20 na 26 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), la mbele likiwa na pungufu kidogo kuliko la nyuma. Tairi gumu hudunda juu ya mzizi, ila lililolegea huukumbatia.

Yote hayo yanachukulia kwamba ukingo uko pale unapouona. Mara nyingi haupo. Mawimbi hulichimba jabali kwenye kitako, juu hubaki pakining'inia, kisha siku moja panameguka. Jabali la chaki la Beachy Head kule Uingereza, lenye kimo cha takriban mita 160, lilimeguka kipande kikubwa Januari 1999. Msituni ni vibaya zaidi, kwa sababu mizizi hufuma zulia linaloshikilia udongo na nyasi hata baada ya mwamba wa chini kuondoka. Unakanyaga kitu kinachofanana kabisa na ardhi. Ninaangalia nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, miti iliyoanza kuinamia baharini, uzio unaoning'inia bila nguzo. Nikiona mojawapo, mita 2 zangu zinaanza kuhesabiwa kutoka kwenye ufa. Baada ya mvua kubwa nasubiri siku kadhaa, kwani maji huendelea kupenya na kuulemea mwamba hata jua likishawaka.

Jiandae pia na vilima. Watu hudhani pwani ni tambarare, lakini kila kijito kimechimba bonde lake kwenda baharini, nawe unashuka na kupanda kila bonde. Njia ya waenda kwa miguu ya South West Coast Path, kusini magharibi mwa Uingereza, ina kilomita 1,014, na jumla ya kupanda kwake ni takriban mita 35,000. Mteremko mfupi mkali uliofuatwa na mwingine hupasha breki moto. Bonyeza kwa nguvu kisha uachie, usiburute. Ukirudi, osha chumvi kwa maji baridi yasiyo na presha, na upake grisi bomba la siti, la sivyo alumini na chuma vikikutana na chumvi vitashikana visitoke.

Nimeitaja njia hiyo kwa sababu ya miinuko yake, si kwamba ni yetu. Sehemu yake kubwa hairuhusu baiskeli. Huko Uingereza na Wales sheria ya mwaka 1968 iliwapa waendesha baiskeli haki ya kutumia njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi. Kupisha juu ya jabali kunahitaji akili zaidi kuliko kusogea pembeni. Mtembeaji asisukumwe kamwe upande wa bahari, kwa hiyo nikimwona mbali nasimama palipo pana, au narudi nyuma mpaka nipapate. Kwa farasi, ushauri wa kawaida ni kusimama upande wa chini yake, kwa kuwa humshtua kilicho juu. Hapa upande wa chini ndio ukingo. Ninarudi palipo pana, nashuka, na kuzungumza kwa sauti ya kawaida tangu akiwa mbali, ili farasi ajue kwamba kile kitu chenye magurudumu kina mtu.