Kudai Habari Sahihi Si Kuvinyima Uhuru Vyombo vya Habari

Kwa muda mrefu wengi wameamini kwamba wananchi wanaoungana kulitaka gazeti au redio isahihishe habari wanahujumu uhuru wa uandishi. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa zipo serikali zilizotumia neno “uwajibikaji” kama kisingizio cha kufungia magazeti. Hata hivyo, udhibiti huzuia habari isitoke, ilhali lalamiko la msomaji huja baada ya habari kutoka, nalo huomba masahihisho au nafasi ya kujibu, mambo ambayo maadili ya uandishi yenyewe huyataka. Nchini Uswidi, wanahabari na wachapishaji waliunda wenyewe baraza la kupokea malalamiko ya aina hiyo mwaka 1916.

Chukua tamko la kampeni yoyote ya wananchi wanaolalamikia chombo cha habari ulisome taratibu: je, linataja habari gani, ya tarehe gani, na sentensi ipi yenye kosa, au linataka tu mwandishi afukuzwe? La pili, kwa maoni yangu, litiliwe shaka hata likiletwa na watu wema. Kisha fungua gazeti lenyewe uone masahihisho yamewekwa wapi, kwani kosa lililopamba ukurasa wa mbele huweza kusahihishwa kwa mistari miwili iliyojificha ndani.