Usiache programu imeze M ya "mtu"

Mwezi uliopita nilirekodi simulizi za bibi mmoja wa Pangani: saa 1 na dakika 40 za maisha ya mashamba ya mkonge, manamba (vibarua wa mkataba) na kambi zao, nani alipika nini siku ya mshahara. Kipindi kilitakiwa kiwe cha dakika 28. Zamani kazi ya namna hii ilinila siku tatu. Sasa inaisha kwa siku moja, na vijana wanaonitembelea hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza ninatumia programu gani ya kuhariri sauti. Natumia Reaper. Wao nawaanzishia Audacity kwa sababu ni ya bure. Lakini kasi haikutoka kwenye programu, ilitoka siku nilipoacha kusikiliza sentensi moja mara nne.

Mzunguko wa kwanza sikati kitu. Nasikiliza mwanzo hadi mwisho, mkono ukiwa kwenye kibodi, na kila penye jambo naweka alama. Kwenye Reaper ni herufi M, kwenye Audacity ni Ctrl+M wakati sauti inaendelea kucheza. Hakuna kusimamisha. Ukisimamisha kila dakika ukarekebisha, utakata maneno ambayo nusu saa baadaye utagundua ndiyo yaliyobeba kisa. Yule bibi alimtaja mnyapara mmoja mapema kabisa, kijuujuu tu, na mimi mwenye haraka ningemwondoa. Dakika ya 70 mnyapara yule akarudi, na hapo ndipo kisa kilipokuwa.

Mzunguko wa pili ndio wa kisu, nami naanzia mwisho kurudi mwanzo. Wengi hushangaa, lakini piga hesabu. Mwenye kipindi amekutumia orodha kwa WhatsApp: toa 12:40 hadi 14:10, toa 31:05 hadi 31:50, toa 58:20 hadi 63:00. Ukikata ile ya kwanza na vilivyo mbele vikasogea kuziba pengo, umeondoa dakika 1 na sekunde 30. Kilichokuwa 31:05 sasa kiko 29:35, na orodha yote iliyobaki imekuwa uongo. Ukianza na 58:20, vilivyo nyuma yake havijaguswa na orodha inabaki ya kweli hadi mstari wa mwisho. Kule kusogea, kwenye Reaper kunawashwa kwa Alt+P. Kama ulitumia maiki mbili au zaidi, hakikisha umewasha kwa traki zote (sauti ya kila maiki), sivyo ngoma itabaki nyuma ya mwimbaji na hutajua ilianzia wapi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Programu nyingi zina zana ya kuondoa ukimya yenyewe. Unaiambia sauti ikishuka chini ya kiwango fulani kwa muda fulani, itoe. Ni zana nzuri, nami naitumia, ila mipangilio inayokuja nayo haikutungwa kwa ajili ya Kiswahili. Neno "mtu" lina silabi mbili, na ya kwanza ni M peke yake, midomo imefungwa, sauti ikipita puani kwa unyonge. Kisha ulimi unafunga njia kwa ajili ya T, na kwa nukta hiyo hakuna sauti kabisa. Mashine inaona kitu kidogo dhaifu, halafu kimya, halafu kishindo cha "tu". Inahesabu neno limeanzia kwenye kishindo. "Mtoto" anakuwa "toto", "nchi" inakuwa "chi", "mke" anabaki "ke". Nimewahi kupeleka kipindi kizima cha namna hiyo, na aliyekuwa amehojiwa akanipigia simu: "Mwanangu, mbona umenifanya nizungumze kama sina meno?" Nilikirudia chote usiku ule.

Tangu hapo nimeweka kiwango chini, karibu desibeli 50 chini ya kilele cha sauti ikiwa chumba kimetulia. Ukimya usiofika milisekunde 700 hauguswi. La muhimu kuliko yote, naiamuru iache milisekunde 200 kabla ya kila neno na 250 baada yake. Kule nyuma kunahitaji zaidi kwa sababu mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho huzama. Sikiliza mtu aliyechoka akisema "sikumwona": hiyo "na" karibu haipo. Ukikata karibu mno, haipo kweli.

Angalia pia unapoondoa "mmm" na "eee" za kufikiria. Mtu akisema "mmm... mmefika", mkono mwepesi unachukua na M ya "mmefika", na waliofika hawajulikani tena ni akina nani. Na wazee wa mwambao bado wana pumzi kwenye herufi: paa mnyama ana pumzi baada ya P, paa la nyumba halina, kaa wa baharini anayo, kaa la moto halina. Pumzi hiyo kwenye skrini inafanana na kelele ya upepo. Usiifute kwa macho, funga macho usikilize.

Mahali pa kuungia, usiache ncha mbili zigongane, zitatoa mlio mdogo kama kucha juu ya meza. Mimi napishanisha kwa milisekunde 10 hivi, ambazo kwa rekodi ya sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde ni sampuli 480 tu, na sikio halidai zaidi. Mafundi wa enzi za utepe wa kurekodia walilijua hili kabla yetu: walikata kwa wembe mshazari badala ya wima, ili sauti moja ififie huku nyingine ikiingia. Utepe ukikimbia sentimita 38 kwa sekunde, silabi ya robo sekunde ilikuwa na urefu wa sentimita 9 na nusu, unaishika kwa vidole.

Lakini hakuna kupishanisha kutakakoficha adhana. Hapa mjini ukirekodi adhuhuri, msikiti utaingia kwenye maiki, na ukikata katikati ya adhana kila msikilizaji wa Tanga atasikia imeruka, hata kama hafuatilii mazungumzo. Siku hizi nasimama, tunanyamaza, inaisha, tunaendelea. Pangaboi nalo nalizima kabla ya kuanza, jasho na litoke. Halafu narekodi sekunde 30 za kimya cha chumba, watu wote wakiwa bado wamo ndani wametulia. Kipande hicho ndicho ninachokitandika chini ya maungio yote, maana kimya cha mashine ni tofauti na kimya cha chumba chenye watu.

Mambo ya ekwalaiza, yaani kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba, sina mengi. Kwa mzungumzaji nakata chini ya hezi 80, na nikisikia mvumo wa umeme naufuata kwenye 50, 100 na 150, basi.

Kazi ikiisha siisikilizi tena kwenye spika zangu. Naihamishia kwenye simu, natoka nayo hadi kibarazani kwa muuza kahawa, naiweka juu ya benchi sauti ikiwa wastani, bodaboda zikipita. Kila M iliyosikika pale, naiacha. Isiyosikika, narudi ndani.